Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui: Kalamu na Hukumu

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizaliwa Mombasa mwaka 1891, akasoma kwa masheikh wa Mombasa na Unguja. Mwaka 1930 alitoa Sahifa, na mwaka 1932 Al-Islah, akiwanasihi Waislamu washike elimu. Mwaka huo wa 1932 akawa Kadhi wa Mombasa, na tangu 1937 Kadhi Mkuu wa Kenya, hata alipofariki mwaka 1947.

Yapasa tutambue tofauti ya kazi hizi. Nasaha ya mwandishi msomaji ana hiari nayo; hukumu ya kadhi hulazimisha. Kwa hivyo kadhi hahukumu ila amesikiliza pande mbili: mdai alete ushahidi, mwenye kukana aape. Tena mamlaka yake yana mpaka: ndoa, talaka na mirathi ni yake, wizi na mauaji ni ya mahakama nyingine.

Basi ewe ndugu, uwe Mvita au Chala, ukigombania mirathi na nduguyo, usitosheke na fatwa ya barazani. Fatwa hujibu swali lililoulizwa tu, na huenda muulizaji ameificha haki ya yatima. Nendeni nyote kwa kadhi.