Nana Asma'u binti Shehu Uthman, na Ilimu Iliyopokezanwa na Wanawake wa Nyumba Yao

Nana Asma'u alizaliwa katika mwaka wa 1793 katika kijiji cha Degel, katika dola ya Gobir, upande ambao leo ni kaskazini-magharibi ya Nigeria. Alizaliwa pacha. Ada ya watu wa nchi ile ni kuwa mapacha wakiwa mume na mke huitwa Hassan na Hussaina. Basi mtoto wa kiume akaitwa Hassan, lakini wa kike baba yake hakumpa jina lililotazamiwa, bali alimwita Asma'u, kwa jina la binti wa Sayyidna Abubakar, yule aliyewapelekea chakula Mtume s.a.w. na baba yake walipokuwa wamejificha pangoni.

Baba yake ni Shehu Uthman dan Fodio, mwanachuoni mkubwa wa Kifulani, aliyezaliwa katika mwaka wa 1754. Watu wengi wanapoitaja nyumba hii huanza kwa wanaume na huishia kwa wanaume: Shehu, nduguye Abdullahi, na mwanawe Muhammad Bello. Lakini Shehu mwenyewe masomo yake ya mwanzo aliyapata nyumbani, kwa mama yake Hauwa na bibi yake Ruqayya. Kwa hivyo ilimu katika ukoo ule ilikuwa imekwisha kupita katika mikono ya wanawake kabla Asma'u hajazaliwa, naye aliikuta kama mtoto akutavyo moto umewashwa jikoni. Mama yake, Maimuna, alifariki Asma'u angali mdogo, na wake wengine wa Shehu wakamlea na kumfunza. Akahifadhi Kurani, akasoma fikihi na tasaufi, akajua Kiarabu, Kifulani na Kihausa. Dada yake mkubwa, Khadija, alikuwa mwanachuoni pia, naye ndiye aliyekifasiri kwa Kifulani kitabu cha Khalil cha fikihi ya Imamu Malik.

Yafaa ikumbukwe kuwa jambo hili halikupokewa na kila mtu. Shehu alipokuwa akitoa darsa aliwaruhusu wanawake kuhudhuria, na mwanachuoni mmoja wa upande wa Bornu akamlaumu kwa hilo. Abdullahi ndiye aliyemjibu, kwa mashairi, akieleza kuwa kuwaacha wanawake katika ujinga ni madhara makubwa zaidi kuliko hayo yanayoogopwa. Shehu mwenyewe aliandika maneno makali juu ya wanaume wawafanyao wake zao kama vyombo, hutumiwa mpaka vikavunjika, na wala hawawafunzi faradhi zao.

Asma'u alipokuwa na umri wa kama miaka kumi, mfalme wa Gobir aliizidishia jamaa ya Shehu udhia, nao wakahama Degel kwenda Gudu katika mwezi wa Februari 1804. Vita vikafuata, vikaendelea miaka mingi. Alkalawa, mji mkuu wa Gobir, ulitekwa katika mwaka wa 1808, na mji wa Sokoto ukajengwa katika mwaka wa 1809. Habari za vita hivyo Asma'u alikuja kuzitunga baadaye katika shairi refu la Kihausa, na wanaoandika taarikhi ya nchi ile hulirejea hata leo. Katika siku zile zile za msukosuko aliozwa kwa Gidado dan Laima, rafiki mkubwa wa Muhammad Bello. Shehu alipofariki katika mwaka wa 1817, Bello akashika ukhalifa, na Gidado akawa Waziri wake. Msafiri Mwingereza Clapperton alipofika Sokoto katika mwaka wa 1824, huyu Gidado ndiye aliyemkaribisha.

Hapo ndipo kazi kubwa ya Asma'u ilipoanza. Vita huacha nyuma yao watu wengi wasio na pa kushika. Wanawake wa vijijini walikuwa wamesilimu kwa jina tu, na wengine walikuwa mateka waliotiwa katika nyumba wasizozijua, wasiojua udhu wala sala. Walipougua au watoto wao walipougua, walikwenda kwa waganga wa bori, ambao ni watu wa pepo. Hapakuwa na mwalimu wa kiume atakayeingia katika nyumba zao. Na kama wanawake wale wasingefunzwa, wana wao wangelelewa katika hali ile ile, na yote aliyoyataabikia Shehu yangepotea katika kizazi kimoja.

Asma'u hakungoja waje wao. Alichagua wanawake watu wazima, wenye akili na heshima vijijini mwao, akawaita kila mmoja Jaji, yaani kiongozi. Alimpa kila Jaji kofia pana ya ukindu iitwayo malfa, na kwa mkono wake mwenyewe akaifunga kitambaa chekundu. Kofia hii katika Gobir ilikuwa ya Inna, bibi mkubwa wa mambo ya bori. Asma'u aliichukua alama ile ile ambayo wanawake walikwisha kuiheshimu, akaitia katika kazi ya dini. Na hii ni hekima ambayo wahubiri wengi wameikosa. Jaji alikusanya kundi la wanawake waliokwisha kupita umri wa kuzaa, pamoja na wasichana ambao hawajaolewa, akasafiri nao mpaka Sokoto kwa Asma'u. Walioolewa na wenye watoto wadogo hawakusumbuliwa kuacha majumba yao. Jaji alirudi akawafunza huko huko. Makundi haya yaliitwa Yan Taru.

Na walifunzwa nini, na kwa namna gani, hali wengi hawakujua kusoma? Walifunzwa kwa mashairi. Asma'u alitunga mafunzo ya nguzo za dini, sira ya Mtume s.a.w., majina ya sura za Kurani, na habari za wanawake wema waliotangulia kama Rabia al-Adawiyya, na pamoja nao akawataja wanawake wa nyumba ya Shehu. Mwanamke alilihifadhi shairi, akaliimba akitwanga nafaka, na binti yake aliyekuwa kando yake akalishika bila ya kuambiwa alishike. Mwambao wetu nao una mfano wake katika zama zizo hizo: Mwana Kupona wa Pate alimtungia binti yake utendi wa wasia katika mwaka wa 1858.

Lililo zuri kabisa katika tungo za Asma'u, pengine, ni maombolezo yake. Hakuwalilia watu wakubwa peke yao. Mwaka 1857 alimtungia marthiya mwanamke aitwaye Zaharatu, akamsifu kwa kuwazalisha wanawake na kuwaosha maiti, bila ya kumtenga yeyote. Mwaka uliofuata alimlilia Hauwa, Jaji wa zamani aliyekuwa akimletea makundi ya wanawake. Lau si mashairi hayo majina yao yasingebaki.

Naye alikuwa na misiba yake. Muhammad Bello, ndugu na mshauri wake, alifariki mwaka 1837. Tena akamzika mumewe. Hata hivyo hakuacha kufunza wala kuandikiana na maulama wa mbali. Alimpelekea mwanachuoni mmoja wa Shinqit, katika nchi ya Mauritania, mashairi ya kumpongeza kwa ziara yake. Tungo zake zilizobaki zimepita sitini, za Kiarabu, Kifulani na Kihausa.

Nana Asma'u alifariki katika mwaka wa 1864, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kazi yake ikachukuliwa na Maryam, ndugu yake kwa baba, mwanamke wa shauri aliyeandikiana hata na Emir wa Kano, na baada ya Maryam ikachukuliwa na wanawake wengine wa ukoo. Waingereza walipoiteka Sokoto katika mwaka wa 1903 ukhalifa wa zamani ulivunjika, lakini Yan Taru hawakuvunjika. Karatasi zake zilihifadhiwa nyumbani kwa Mawaziri wa Sokoto, nao ni kizazi chake. Waziri Junaidu ndiye aliyezitoa zisomwe, na katika mwaka wa 1997 zilichapwa kitabu kizima. Katika Marekani nako wamo wanawake wa Kiislamu walioshika mtindo wa Yan Taru, na jina lake hawakulibadili.