Tabibu Koch na Dawa Yake ya Kisiwani Sese

Katika matabibu waliotajika duniani, wachache wameifikia daraja ya Robert Koch, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1843 na kufa mwaka 1910. Yeye ndiye aliyekibainisha, mwezi wa Machi 1882, kijidudu kiletacho kifua kikuu, na kwa kazi yake juu ya maradhi hayo akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1905. Khabari hizi zafahamika. Tunayotaka kumweleza ndugu msomaji ni yale yasiyotajwa sana, nayo yanamkhusu kila mtu wa Kwale anyooshaye mkono dirishani kupokea dawa.

Mwaka 1890 Koch alitangaza mjini Berlin kuwa amepata kitu cha kukizuia kifua kikuu. Wagonjwa wakamiminika Berlin kutoka kila upande, wengine wakiwa hawajiwezi. Matabibu wakawapiga sindano za maji yale hali hawajui yametengenezwa kwa kitu gani, kwani mwenyewe aliificha siri yake. (Karibu miaka elfu kabla yake Abubakar al-Razi alimnywesha nyani zebaki ili aone madhara yake, kisha akayaandika aliyoyaona, kila tabibu ayasome.) Wagonjwa wengi walishikwa na homa kali na baadhi yao wakafa. Rudolf Virchow alipozipasua maiti alikuta maradhi yameenea badala ya kupungua. Siri ilipotolewa mwanzoni mwa mwaka 1891 ilidhihirika kuwa ni maji yaliyotolewa katika vijidudu vile vile pamoja na glisirini. Hata leo namna yake iliyosafishwa hutumiwa kupima katika ngozi kama mtu amewahi kuingiwa na kijidudu hicho. Kutibu, haitibu.

Wala mtu huyu hakuwa mjinga wa madhara ya dawa. Mwaka 1897 na 1898 alikaa Dar es Salaam, akawatazama wagonjwa wa homa ile inayougeuza mkojo kuwa mweusi, akashikilia kuwa kinachowadhuru ni kwinini, dawa waliyoinywa ili wapone. Wenziwe wengi walimpinga, walakini yeye hakurudi nyuma.

Tena mwaka 1906 akaja Uganda kwa ajili ya malale, maradhi yaletwayo na mbung'o, ambayo katika miaka ile yaliua watu zaidi ya laki mbili kandokando ya Ziwa Viktoria. Alipiga kambi katika kisiwa cha Bugala, mojawapo ya visiwa vya Sese. Dawa aliyokuwa nayo iliitwa atoxyl, na asili yake ni zarniki, sumu mashuhuri, ingawa waliolitunga jina hilo walikusudia lifahamike kuwa dawa hii haina sumu. Watu walikuja kwake kwa mamia, wengine wamebebwa. Alianza kwa sindano za nusu gramu, na mambo yakaonekana mazuri: waliokuwa hawasimami wakasimama, na vijidudu vikatoweka katika damu. Lakini baada ya muda vikarudi. Hapo Koch akaongeza kipimo hata gramu nzima. Kwa macho gramu ni kitu kidogo, haijazi hata kijiko cha chai. Wagonjwa wakalalamika maumivu na kizunguzungu, kisha baadhi yao wakaanza kuona giza. Watu 22 wakapofuka, na macho yao hayakurudi tena. Koch aliposadiki kuwa ni dawa, akakirejesha kipimo cha nusu gramu. Twalijua jina lake mpaka leo; katika wale 22 wengi wetu hatumjui hata mmoja.

Huenda mtu akasema hayo ni ya zamani, na ya mbali. Basi na atazame dawa za kifua kikuu anazopewa leo mgonjwa wa Msambweni au Diani. Miezi miwili ya mwanzo hunywa dawa nne, kisha mbili kwa miezi minne, na hesabu ya vidonge hufuata uzito wa mwili, ndiyo maana mtu hupandishwa mizani kabla ya kupewa kitu. Moja katika zile nne, ethambutoli, yaweza kuyadhuru macho. Moja, rifampisini, huugeuza mkojo kuwa mwekundu, na asiyeambiwa hudhani anatokwa na damu akaziacha zote. Wako kwetu waendao dukani Ukunda wakaomba kidonge kwa rangi yake, ama wakanywa kilichobakia cha jirani kwa kuwa yeye kilimfaa. Na jirani huyo pengine ana kilo themanini, na anayepewa ni mtoto.

Mgonjwa wa ethambutoli hutakiwa aulizwe khabari ya macho yake, khasa kama nyekundu na kijani zimeanza kumchanganyikia. Akiona hivyo arudi hospitali siku ile ile, asingoje tarehe aliyoandikiwa, kwani dawa ikisimamishwa mapema aghalabu macho hurejea.