Persoon, mzaliwa wa Afrika aliyeipa majina mauyoga ya miti

Kwa Mabanga, hapa Goma, nyumba nyingi ni za mbao, zimesimama juu ya mawe ya volkano. Wenye nyumba wanajua: mbao ikikaa na maji, uyoga unaota, kisha mbao inalainika na kuvunjika. Lakini ule ni uyoga gani? Mtu mwenye alitumia maisha yake kujibu ulizo la namna hiyo alizaliwa huku Afrika. Jina lake Christiaan Hendrik Persoon.

Alizaliwa mwaka 1761 kule Cape, Afrika ya Kusini, wakati Waholanzi ndio walitawala. Mama yake alifariki yeye akingali mtoto mchanga. Alipofikia miaka 13, baba yake alimtuma Ulaya kusoma, na mwaka mmoja hivi nyuma yake baba naye akafariki. Kijana akabaki yatima katika inchi ya wengine. Hakurudi tena Afrika.

Alianza na teolojia huko Halle, Ujerumani, akaiacha, akasoma udaktari Leiden na Göttingen. Lakini moyo wake ulikuwa kwa mimea, zaidi sana kwa uyoga. Mwaka 1801 alitoa kitabu chake kikubwa, Synopsis methodica fungorum. Humo alipanga uyoga kufuatana na mahali mbegu zake, ndogo kama vumbi, zinapotokea: zimefungwa ndani, ao ziko wazi inje. Ndiyo maana hata leo, ukiona uyoga juu ya gogo, kwanza ugeuze uangalie chini: kuna vitundu, kuna mistari kama karatasi nyembamba, kuna meno, ao ni laini tu?

Tuchukue mfano. Kuna uyoga mgumu kama nusu ya sahani, umeshikamana na mti bila shina. Juu ni kahawia, chini ni mweupe na vitundu vidogo sana. Ukiukwaruza upande wa chini, alama inageuka kahawia na inabaki. Persoon njo aliupa jina applanatus, maana yake bapa. Leo wataalamu wanauita Ganoderma applanatum. Ndugu zake wa jamii ya Ganoderma wako hata katika misitu ya Kongo, na wanafanana sana. Jicho peke yake linaweza kukosea; mara nyingi inaomba mikroskopu.

Kisha Persoon alihamia Paris. Aliishi gorofa ya juu katika kartye ya maskini, bila mke, bila kazi ya mshahara, lakini akiandikiana barua na wataalamu wa Ulaya yote. Umaskini ulipomlemea, alitoa mkusanyiko wake wa mimea na uyoga uliokaushwa kwa Uholanzi, ili apate pensheni ya kumlisha mpaka kufa. Alifariki Paris mwaka 1836.

Mkusanyiko ule uko Leiden mpaka sasa, na kifupi Pers. kinafuata majina mengi ya uyoga duniani pote.

Kwa mwenye nyumba ya mbao, jambo moja la kushika: uyoga unaoonekana inje ni tunda tu. Mwili wake uko ndani ya mbao, ukiikula. Kuung'oa peke yake hakutoshi. Tafuta maji yanapitia wapi. Na kama unataka mtaalamu autambue, fanya kama Persoon: ukaushe, uufunge ndani ya karatasi, andika uliota juu ya mti gani, wapi, na tarehe gani.