Lotfia El Nadi: Binti wa Cairo aliyempandisha baba yake angani

Wapo watu ambao majina yao hutajwa kwa tendo moja tu, na maisha yao mengine yote yakasahauliwa. Miongoni mwao ni Lotfia El Nadi, mwanamke wa Kimisri ambaye tarehe 27 Septemba 1933, akiwa hajatimiza miaka 26, alikabidhiwa leseni ya urubani, akawa wa kwanza kuipata miongoni mwa wanawake wa nchi yake na wa ulimwengu wa Kiarabu. Baadhi ya wanaomsifu humwita rubani wa kwanza wa wanawake wote wa Kiislamu. Sifa hiyo ni vyema tukaiacha, kwani Uturuki nayo ilikuwa na mabinti wanaojifunza kuruka katika miaka hiyohiyo, na marehemu hana haja ya kuongezewa asichokuwa nacho.

Alizaliwa mjini Cairo tarehe 29 Oktoba 1907. Mwaka huohuo Nabawiyya Musa alikuwa msichana wa kwanza wa Kimisri kufaulu mtihani wa kumaliza shule ya sekondari, jambo lililozua minong'ono mikubwa katika mji ule. Baba yake Lotfia alikuwa mtumishi wa Matbaa ya Serikali, mtu wa kipato cha wastani, mwenye rai iliyokuwa ya wazazi wengi wa zama zake: kwamba binti akishajua kusoma na kuandika yatosha, kilichobaki ni nyumba na mume. Mama alikuwa na rai nyingine. Ni yeye aliyemhimiza mwanawe aendelee, hata akaingia katika chuo cha wasichana cha Wamarekani mjini humo, ambako alipata elimu ya kisasa na lugha za kigeni.

Ili tuelewe kilichomvuta binti huyu angani, turejee kidogo nyuma. Mnamo Januari 1930 kijana wa Kimisri, Mohamed Sidki, aliruka peke yake kutoka Berlin hadi Cairo katika ndege ndogo, na watu wakamiminika kumpokea. Misri ilikuwa bado chini ya kivuli cha Waingereza, na kumwona mwana wa nchi akishuka kutoka mawinguni kulikuwa na maana kubwa kuliko safari yenyewe. Miaka miwili baadaye Talaat Harb, yule aliyeanzisha Benki Misr, akashirikiana na kampuni ya Kiingereza kuunda shirika la ndege la Misr Airwork, lililokuwa pia na shule ya urubani katika uwanja wa Almaza. Lotfia aliisoma habari ya shule hiyo gazetini. Akamwomba baba yake ruhusa, baba akakataa katakata.

Binti hakukata tamaa. Alikwenda mwenyewe kwa Kamal Elwi, mkurugenzi wa shirika lile, akamweleza haja yake. Elwi aliona mara moja kuwa mwanafunzi wa namna hii ataitangaza shule kuliko tangazo lolote la kulipia. Likabaki suala la ada. Fedha Lotfia hakuwa nazo, wala hakuwa na wa kumwomba, kwa kuwa nyumbani jambo lenyewe lilikuwa siri. Ikakubaliwa kuwa atafanya kazi palepale shuleni, akipokea simu na kushughulikia kazi za ukarani, na ujira wake ndio uwe malipo ya masomo. Nyumbani akasema kuwa anahudhuria darasa la masomo mara mbili kwa wiki.

Hapa kalamu haina budi kusimama. Wasimulizi wengi hulipita jambo hili kwa tabasamu, kana kwamba ni ujanja wa kupendeza. Uongo kwa mzazi ni uongo, na leseni haiufuti. Binti anayeyasoma haya asiuchukue mfano huo kuwa ni fatwa. Lakini nasi tulio wazazi tusiukwepe upande wa pili wa habari. Alichokiomba binti huyu hakikuwa haramu. Kilichomzuia hakikuwa sheria ya dini bali mazoea na khofu. Khofu ya baba naielewa, kwani ndege za mafunzo za siku zile zilikuwa na viti vilivyo wazi, upepo ukimpiga rubani usoni, na aliyepotea njia hakuwa na redio ya kumwongoza. Mzazi ana haki ya kuyaogopa hayo. Hata hivyo, katika yote yanayosimuliwa juu ya kisa hiki hatuoni mahali ambapo baba alikaa na binti yake akamsikiliza. Mimi binafsi nimewapokea wazazi wengi wanaolalamika kuwa mabinti zao wanawaficha mambo, na mara nyingi nimegundua kuwa mlango wa kuambiwa waliufunga wenyewe siku nyingi.

Tuendelee. Baada ya siku 67 tu za mafunzo Lotfia alifanya mtihani na kufaulu. Leseni yake ilikuwa namba 34 nchini Misri. Mwaka huo wa 1933 ndio pia ambao wasichana wa kwanza walihitimu Chuo Kikuu cha Cairo, hivyo magazeti yakawa na habari mbili za mabinti kwa mwaka mmoja, na picha ya Lotfia ikaenea.

Baba akapata habari kwa njia ileile waliyoipata majirani. Alighadhibika sana, na alikuwa na sababu: alikatazwa jambo binti yake, akalifanya, na yeye akawa wa mwisho kujua. Lakini alipoona namna watu wanavyomsifu binti huyo na kumpongeza yeye mzazi, ghadhabu ikaanza kupungua. Kisha Lotfia akafanya jambo ambalo kwangu mimi ndilo kubwa kuliko mtihani wenyewe: alimwomba baba yake apande naye. Na mzee yule, aliyeamini kuwa elimu ya msingi yamtosha binti, akakubali kuketi katika ndege inayoendeshwa na binti huyohuyo, wakaruka juu ya Cairo na kuzizunguka piramidi. Aliporudi ardhini alikuwa ameridhia.

Mwezi Desemba mwaka huohuo yalifanyika mashindano ya kimataifa ya ndege kati ya Cairo na Iskandaria. Lotfia aliingia na ndege ya injini moja, akawa wa kwanza kufika. Waamuzi wakamwondolea ushindi kwa kuwa aliikosa alama mojawapo aliyopaswa kuizunguka. Alipewa zawadi ya pauni 200 na pongezi za Mfalme Fuad, lakini kanuni ilibaki kanuni. Huda Sha'arawi, kiongozi wa jumuiya ya wanawake wa Misri, akaongoza uchangishaji wa fedha ili rubani huyu apate ndege yake mwenyewe.

Akawa pia katibu mkuu wa Klabu ya Anga ya Misri, na wasichana wengine wakafuata nyayo zake, akiwamo Linda Massoud aliyekuja kuwa mwalimu wa urubani. Kwa Lotfia mwenyewe, miaka ya kuruka haikuzidi mitano hivi. Alipata ajali iliyomjeruhi uti wa mgongo, na angani hakurudi tena akiwa rubani. Wasomaji wa tarikh watamkumbuka Abbas ibn Firnas wa Andalusia, ambaye inasimuliwa kuwa katika karne ya 9 alijitungia mabawa akaruka, naye akaumia mgongo wakati wa kutua.

Matibabu ya mgongo ndiyo yaliyompeleka Uswisi, na huko akaishi miaka mingi, mjini Lausanne, hata akapewa uraia wa heshima. Hakuolewa. Kizazi kilichozaliwa Misri baada ya vita hakikumjua. Mwaka 1989 alialikwa Cairo katika maadhimisho ya usafiri wa anga wa nchi yake, akatunukiwa nishani, akiwa bibi wa miaka zaidi ya 80. Mwaka 1996 ikatolewa filamu ya maisha yake, akihojiwa humo yeye mwenyewe. Kwa muda aliishi Toronto, Kanada, kwa mtoto wa ndugu yake, kisha akarejea Cairo. Huko ndiko alikofia mwaka 2002, katika mji alioutazama kutoka juu pamoja na baba yake miaka karibu 70 kabla. Mwenyezi Mungu awarehemu wote wawili, na mama aliyemsomesha.