Ignaz Semmelweis na Mikono ya Waganga

Hizi ni habari za mganga mmoja aliyeokoa akina mama wengi katika kifo, naye mwenyewe akafa hali amedharauliwa. Jina lake ni Ignaz Semmelweis. Alizaliwa tarehe 1 Julai 1818 katika mji wa Buda, nchi ya Hungaria, na baba yake alikuwa mwenye duka la vyakula. Alikwenda Vienna kujifunza sheria, lakini baadaye akaiacha, akashika elimu ya uganga, akahitimu mwaka 1844.

Mwaka 1846 aliwekwa kuwa msaidizi wa mganga mkuu katika hospitali kubwa ya Vienna, upande wa wazazi. Hospitali hiyo ilikuwa na nyumba mbili za kuzalia. Katika nyumba ya kwanza walifundishwa wanafunzi wa uganga. Katika ya pili walifundishwa wakunga. Wanawake walipokewa kwa zamu, siku hii nyumba ya kwanza, siku nyingine nyumba ya pili. Tena vyakula na matunzo havikupitana sana. Lakini mwaka ule wa 1846 katika nyumba ya kwanza walizaa wanawake 4,010, wakafa 459. Na katika ya pili walizaa 3,754, wakafa 105 tu. Ugonjwa uliowaua zaidi ulikuwa homa ya uzazi. Mama huzaa salama, na baada ya siku chache hushikwa na homa kali na maumivu ya tumbo, kisha hufa. Habari hizo zilijulikana mjini, hata wanawake wakalia na kupiga magoti wasipelekwe nyumba ya kwanza.

Semmelweis hakupata raha moyoni. Waganga wengi walisema kwamba ugonjwa huo waletwa na hewa mbaya. Lakini hewa ya nyumba zote mbili ni moja; yawezekanaje iue huku na kuacha kule? Tena wanawake waliojifungulia njiani kabla ya kufika hospitali hawakushikwa sana na homa ile. Alijaribu kubadili namna ya kuwalaza wazazi. Hata padre aliyepita na kengele kwenda kwa wenye kufa aliombwa apite njia nyingine asiwatie hofu. Yote hayo hayakufaa kitu.

Mwezi wa Machi 1847 alifariki rafiki yake, Profesa Jakob Kolletschka. Alikuwa akipasua maiti ili kuwafundisha wanafunzi, na mmoja wao akamchoma kidole kwa kisu. Semmelweis alipoisoma habari ya uchunguzi wa mwili wake, alishtuka, maana aliona dalili zile zile za wazazi waliokufa. Ndipo alipofumbuliwa macho. Waganga na wanafunzi walitoka asubuhi katika chumba cha maiti, wakaenda moja kwa moja kuwapima wazazi. Mikono yao waliiosha kwa sabuni, lakini harufu ya maiti ilibaki. Wakunga hawakupasua maiti, kwa hiyo nyumba yao ilikuwa na vifo vichache. Mikono iliyokuja kuponya ndiyo iliyochukua mauti.

Ugunduzi huo ulikuwa mchungu, kwa kuwa yeye mwenyewe alipasua maiti kwa bidii kuliko wengi, kusudi aitafute sababu ya ugonjwa. Baadaye alikiri katika kitabu chake kwamba Mungu peke yake ndiye ajuaye hesabu ya wale aliowatia kaburini kabla ya wakati wao.

Hakukawia. Katikati ya mwezi wa Mei 1847 aliagiza kila mtu aoshe mikono kwa maji yaliyotiwa chokaa ya klorini kabla ya kumgusa mzazi. Mwezi wa Aprili walikuwa wamekufa 18 katika kila wanawake 100. Mwezi wa Juni walikufa wapata 2 tu. Kisha mwezi wa Oktoba alilazwa mgonjwa mwenye donda ndugu la kansa, na baada ya kupimwa yeye, wazazi 12 waliofuata walipimwa, wakafa 11. Hivyo alijua kwamba si maiti tu aletaye madhara, bali hata usaha wa mgonjwa aliye hai. Akaagiza mikono ioshwe baada ya kila mgonjwa. Mwaka 1848 walizaa wanawake 3,556 katika nyumba ile, wakafa 45.

Je, walimshukuru? Wachache walimsadiki, lakini wakubwa wengi walikataa. Ilikuwa vigumu kwa bwana mkubwa kukubali kwamba mikono yake imeua. Vilevile hatuna budi kusema kwamba Semmelweis alichelewa kuandika. Kitabu chake kilitoka mwaka 1861, nazo barua alizowaandikia wapinzani wake zilikuwa kali mno, hata akawaita wauaji. Mwaka 1849 kazi yake ya Vienna ilikwisha, wala haikuongezwa muda. Akarudi kwao, akafanya kazi mjini Pest, na huko pia kunawa kukapunguza vifo.

Mwisho akili zake zilivurugika. Mwezi wa Julai 1865 alipelekwa katika nyumba ya wenye wazimu mjini Vienna, na tarehe 13 Agosti akafa, umri wake miaka 47. Alikuwa na kidonda kilichooza, na sumu yake ikaingia katika damu. Siku moja kabla yake, huko Glasgow, Joseph Lister alitumia asidi ya kaboliki kukinga kidonda cha mtoto aliyevunjika mguu. Na mwaka 1879 Louis Pasteur alionyesha vidudu vya homa ya uzazi. Ndipo watu wakajua kwamba Semmelweis alisema kweli.

Hata leo ugonjwa hupita katika hospitali kwa mikono isiyonawiwa. Basi sisi tuendao kuwatazama wagonjwa wetu tunawe kabla ya kuwagusa na baada yake. Na mtu akitukumbusha, tusione haya wala tusikasirike. Wakubwa wa Vienna walikasirika, na waliolipa ni akina mama.