Padri Guido Haazen, mwalimu mwenye alijua kusikiliza

Watu wengi wanajua Kamina juu ya reli. Ni hapo njia zinaachana: moja inaenda Ilebo, ingine Kabalo, na ingine inakuja huku kwetu ku miji ya mine. Lakini kule Ulaya watu walisikia jina la Kamina juu ya kitu kingine: misa moja yenye iliimbwa na watoto wa masomo pamoja na walimu wao. Mutoto wa Katoto anaweza kukomea hapo bila kuambiwa ile habari. Kwa hiyo leo tunaeleza maisha ya mutu mwenye aliongoza ile korali.

Guido Haazen alizaliwa tarehe 27 mwezi wa kenda 1921 ku Anvers, Ubelgiji. Aliingia katika shirika la Wafransisko, akapata upadri. Mwaka wa 1953 walimutuma Kongo, akafika Kamina kufanya kazi ku École centrale. Hakukawia. Katika miezi ya kwanza tu akakusanya korali: watoto wanaume karibu 45, wenye miaka 9 mpaka 14, pamoja na walimu 15 hivi. Ile korali ikaitwa Les Troubadours du Roi Baudouin, ni kusema ilibeba jina la mufalme wa Ubelgiji wa wakati ule.

Wazee wanakumbuka namna ilikuwaka katika misioni nyingi ile siku. Ngoma zilibakia inje ya kanisa. Ndani waliimba paka nyimbo za Ulaya, kwa sauti za Ulaya. Haazen alishika njia ingine. Si yeye peke yake: ku Élisabethville, mwalimu wetu Joseph Kiwele alikuwa amekwisha kutunga Missa Katanga. Lakini ya Kamina ilikuwa na namna yake.

Mwaka wa 1957 Haazen na waimbaji wake wakaanza kutafuta misa yao. Maneno yalibakia ya Kilatini, sawa vile Kanisa lilivyoomba. Sauti njo zilitoka kwa wankambo. Kyrie waliiimba kwa namna ya kasala, wimbo wenye Waluba wanalilia nao wafu wao na kutaja majina yao. Sanctus waliichukua ku wimbo wa kuagana. Hosanna ikafuata mupigo wa ngoma za Kasai, na Agnus Dei ikatoka ku wimbo wa Bena Luluwa. Wakati wa kuimba kifo cha Yesu, ngoma inapigwa sawa vile inatangaza kifo kijijini. Hakuna mwenye aliketi na kalamu kuandika noti. Waliimba, wakarudilia, kila mumoja akaleta kile alichojua, mpaka ikashikamana.

Tarehe 23 mwezi wa tatu 1958 waliimba hiyo misa mara ya kwanza, ku misioni ya Saint-Bavon, Kamina. Wakaipa jina Missa Luba. Ule mwaka pia watoto wakavuka bahari. Waliimba Ubelgiji, ku maonyesho makubwa ya Bruxelles, kisha Uholanzi na Ujeremani. Kampuni ya Philips ikatoa diski. Sauti ya mbele, ile inayoitikiwa na wengine wote, ilikuwa ya Joachim Ngoi, mwalimu wa Kamina.

Diski ikatembea kuliko wenyewe. Mwaka wa 1964 Pasolini, fundi wa filme wa Italia, aliweka Gloria yao katika filme yake juu ya Injili ya Matayo. Mwaka wa 1968 Sanctus ikaingia katika filme ya Waingereza yenye jina If, na mwaka uliofuata vijana wa Uingereza waliinunua sana mpaka ikapanda katika hesabu ya nyimbo zenye kupendwa kule. Tena mwaka wa 1963 maaskofu wakubaliana kule Roma kwamba muziki wa kila taifa upate nafasi yake katika ibada. Kamina ilikuwa imetangulia miaka tano.

Haazen alikufa mwezi wa munane 2004, akiwa na miaka 82. Watu wengine wanamuita mutunzi wa Missa Luba. Kwa kweli, ukubwa wake ulikuwa kwingine. Alikuwa mwalimu mwenye alikubali kwamba wanafunzi wake wanajua kitu ambacho yeye hakijui. Akafungua mulango, akanyamaza, akasikiliza.

Lakini kuna jambo linalouma. Sisi watu wa mine tunalijua vizuri: jiwe linatoka kwetu, jina linaandikwa kwingine. Ku diski wasikilizaji walisoma jina la mufalme na jina la padri. Ngoi alitajwa. Na wale wengine, watoto karibu 45? Nani anaweza kuwataja leo?

Mutoto mwenye alikuwa na miaka 10 wakati ule anakaribia 80 sasa. Pengine ni nkambo wako, anaketi kwenye kivuli Katoto, ao ulimuzika mwaka jana Kolwezi bila kujua. Muulize kama angali hai. Andika jina lake katika daftari ya jamaa. Kasala inafundisha hivyo: mutu mwenye jina lake linatajwa hajapotea.