Sir Edward Mellanby na Siri ya Mifupa ya Mbwa Wachanga

Askari afugaye mbwa, awe wa ulinzi wa kambi au wa kunusa baruti, ana deni kwa mganga mmoja wa Kiingereza ambaye jina lake halitajwi sana siku hizi. Huyo ni Sir Edward Mellanby. Hakuwa mfugaji wala mkufunzi wa mbwa wa polisi. Hata hivyo, ndiye aliyethibitisha kwamba miguu ya mtoto wa mbwa hunyooka au hupinda kulingana na chakula anachowekewa katika bakuli lake.

Mellanby alizaliwa tarehe 8 Aprili 1884 mjini West Hartlepool, kaskazini-mashariki ya Uingereza, ambako baba yake alikuwa msimamizi katika kiwanda cha kuunda meli. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Cambridge chini ya mtaalamu mashuhuri Frederick Gowland Hopkins, ambaye wakati huo alikuwa akionyesha kwamba wanga, nyama na mafuta peke yake havitoshi kuukuza mwili. Baadaye Mellanby alisomea uganga katika hospitali ya St Thomas's, London, na mwaka 1913 akaanza kufundisha elimu ya viungo vya mwili katika chuo cha wanawake mjini humo. Mwaka 1914 alimwoa May Tweedy, naye mwanasayansi, ambaye baadaye alijipatia sifa kwa utafiti wake juu ya meno.

Zama hizo miji ya viwanda ya Uingereza ilijaa watoto wenye matege. Mifupa yao ilikuwa laini, magoti yamepinda, vifundo vya mikono vimevimba. Mwaka 1914 Kamati ya Utafiti wa Tiba ilimkabidhi Mellanby kazi ya kutafuta chanzo cha maradhi hayo. Wataalamu walikuwa wamegawanyika. Wale wa Glasgow, wakiongozwa na Leonard Findlay, walishikilia kwamba matege yaletwa na kufungiwa ndani na kukosa mazoezi. Wengine walikilaumu chakula, lakini hawakuwa na ushahidi wa kutosha.

Mellanby aliamua kutumia watoto wa mbwa, kwa sababu hukua upesi na hupata matege kama binadamu. Aliwafuga ndani ya nyumba, akawalisha mkate au uji wa nafaka iitwayo oti, pamoja na maziwa machache na mafuta ya mimea. Baada ya miezi michache miguu yao ilipinda, maungio yakavimba, na wengine wakashindwa kusimama. Wenzao waliokaa katika hali ile ile na kula chakula kile kile, lakini wakaongezewa mafuta ya ini la samaki aina ya chewa, walikua wakiwa na mifupa iliyonyooka. Mbwa hao walipata mateso makubwa, na haifai kulificha jambo hilo. Lakini matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 1919, yalifungua njia ya kuwaokoa watoto wengi wa binadamu.

Mellanby alidhani kitu kilichomo katika mafuta hayo ni vitamini A. Mwaka 1922 Mmarekani Elmer McCollum alionyesha kwamba ni kitu kingine, kikaitwa vitamini D. Mapema zaidi, mwaka 1919, Kurt Huldschinsky wa Berlin alikuwa amewaponya watoto wenye matege kwa mwanga wa taa maalumu. Ikafahamika kwamba ngozi ya binadamu ikipigwa na jua hujitengenezea vitamini hiyo.

Hapa ndipo msomaji wa Juba anapopaswa kuwa makini. Atasema kwamba kwetu jua halina uhaba, hivyo mbwa wake yu salama. Sivyo. Mwaka 1994 watafiti wa Utrecht, Uholanzi, walithibitisha kwamba ngozi ya mbwa haiwezi kutengeneza vitamini D ya kumtosha, hata akianikwa juani. Kinga yake sharti itoke katika chakula.

Mellanby aligundua jambo jingine linalotuhusu. Kadiri mtoto wa mbwa alivyokula nafaka nyingi, ndivyo mifupa yake ilivyozidi kudhoofika. Sababu ni asidi ya fitiki iliyomo katika punje, ambayo huishika kalsiamu isiingie mwilini. Basi mtoto wa mbwa anayekuzwa kwa asida ya mtama au ugali wa mahindi mtupu yumo hatarini, ingawa tumbo lake limejaa. Anahitaji pia mayai, maziwa, maini kidogo, na samaki wadogo wakavu wa Mto Nile waliosagwa pamoja na mifupa yao. Nyama tupu nayo haimtoshi, kwa kuwa kalsiamu yake ni haba mno, na mbwa mchanga anayeila peke yake huweza kuvunjika mfupa kwa kuruka tu.

Wala kuzidisha si dawa. Mwaka 1974 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliwalisha mbwa wachanga wa aina ya Great Dane chakula bora bila kipimo, wakaharibika mifupa na maungio. Mbwa wa aina kubwa akinenepeshwa upesi, au akijazwa unga wa kalsiamu pasipo shauri la daktari wa mifugo, nyonga na viwiko vyake hudhurika.

Kuanzia mwaka 1920 Mellanby alikuwa profesa mjini Sheffield, na toka mwaka 1933 hadi 1949 akawa Katibu wa Baraza la Utafiti wa Tiba. Mwaka 1937 alitunukiwa daraja la Sir. Mwaka 1946, akiwa bado na mbwa wake, alionyesha kwamba dawa moja iliyotumiwa kuufanya unga wa ngano uwe mweupe huwatia mbwa kifafa, na matumizi yake yakaachwa. Baada ya kustaafu alikwenda Lucknow, India, kuiongoza taasisi mpya ya utafiti wa dawa. Alifariki ghafla tarehe 30 Januari 1955, akiwa ndani ya maabara yake huko Mill Hill, London.

Maisha yake yanamfunza askari kwamba mbwa wa kazi huanza kujengwa siku anapoachishwa ziwa, kabla hajavikwa ukanda wala kufundishwa amri. Mfupa uliopinda wakati wa ukuaji haunyooshwi kwa mazoezi, na mbwa achechemeaye hawezi kumlinda bwana wake zamu ya usiku.